Babu Mjerumani: tunarithi dhambi, fahari au deni?

Baada ya darsa ya Isha pale Kakola, mji uliokua pembeni ya mgodi wa Bulyanhulu, kijana mmoja alibaki nyuma akisubiri wenzake watoke. Ni fundi wa mitambo mgodini, mtu wa maneno machache, ambaye kwa kawaida huniuliza masuala ya swala kwa anayefanya kazi zamu ya usiku. Siku ile alitoa kitambaa mfukoni, akakifungua, akaniwekea mkononi sarafu moja iliyopauka kwa uzee. Upande mmoja una taji, mwaka 1916 na herufi T. Upande wa pili imeandikwa thamani yake: heller 20.

“Ustadhi,” akasema, “hii nimepewa na bibi. Anasema baba wa mama yake alikuwa Mjerumani, Mzungu kabisa, askari wa zile vita. Alikuwa Tabora. Mambo yalipowazidi wakaondoka kwenda kusini, hakuonekana tena. Mama yake bibi alikuwa bado mchanga.”

Nikamuuliza anataka nini. Akajibu kwamba anataka kumtafuta huyo mtu: jina lake kamili, alikotoka, alikoishia. Ila yalimtatiza mawili. La kwanza, je, kuna ubaya wowote katika dini kumtafuta babu kafiri aliyekuja kututawala? La pili ndilo lililomnyima usingizi: “Nikikuta aliua watu, Ustadhi, ile damu inanihusu?”

Wenzake walikuwa wameshamjibu kwa namna zao. Mmoja alimbandika jina la Mdachi, na limemganda. Mwingine alimwambia afanye haraka, akipata karatasi huenda akapata na pasipoti. Wa tatu alimshauri aitupe ile sarafu kwa kuwa ni mali ya dhuluma. Mimi nilimwomba muda. Makala hii ndiyo jibu langu, na naiandika kwa idhini yake kwa sababu naona swali lake si lake peke yake.

Jeshi lenyewe

Kwanza tujue ni jeshi gani tunalolizungumzia. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann aliletwa pwani kuzima upinzani wa Abushiri bin Salim, naye akaja na askari wa Kisudani wapatao 600 waliochukuliwa Misri. Desemba mwaka huo huo Abushiri alinyongwa Pangani. Januari 1893 jeshi hilo lilivunja ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, na Isike akajilipua kwa baruti kuliko kukamatwa. Machi 2, 1900 alinyongwa Mangi Meli kule Moshi. Kisha ikaja vita ya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Februari 27, 1906 watu 67 walinyongwa Songea kwa siku moja. Mashamba na maghala yalichomwa makusudi ili njaa imalize kilichobakizwa na risasi. Waliokufa wanakadiriwa kuanzia 75,000 hadi 300,000.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, jeshi la Wajerumani hapa lilikuwa na Wazungu wasiofika 300 na askari weusi wapatao 2,500. Lilipanuka haraka kwa kuwaita walowezi, yaani wale wahamiaji wenye mashamba ya mkonge, kahawa na mpira. Tom von Prince, yule yule aliyeivunja ngome ya Isike, alikuwa amekwishageuka mkulima Usambara. Alirudi vitani na kuuawa Tanga Novemba 4, 1914. Kurt Wahle alikuwa jenerali mstaafu aliyekuja kumtembelea mwanawe mlowezi, vita ikamkuta hapa, akavaa tena sare na baadaye akaongoza majeshi ya upande wa Tabora. Karakana ya reli ya Tabora ndiyo iliyopiga zile sarafu za dharura za mwaka 1916, na herufi T ni alama ya mji huo. Septemba 19, 1916 Wabelgiji waliingia Tabora, na Wahle na watu wake wakawa wameshaelekea kusini. Waliobaki hai walisalimu amri Novemba 25, 1918 kule Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia.

Nimeyataja haya kwa tarehe zake kwa sababu maalumu. Mtu anayemtafuta babu wa namna hii hawezi kuridhika na neno “mhamiaji” wala neno “mkoloni”. Aulize: alikuja mwaka gani? Alikuwa kikosi gani? Februari 1906 alikuwa Songea, au alikuwa bado mtoto wa shule kwao Ulaya? Kumsingizia maiti uovu asioufanya ni dhuluma, kama ilivyo dhuluma kumfichia alioufanya. Haki haichagui rangi ya marehemu.

Kazi yenyewe si nyepesi. Kumbukumbu nyingi za wanajeshi wa Prussia ziliungua Potsdam kwa mabomu ya Aprili 1945. Hata hivyo zimebaki faili za wizara ya makoloni kule Berlin, orodha za waliokufa na kujeruhiwa zilizochapishwa wakati wa vita, na mafaili ya Kijerumani yaliyomo katika Nyaraka za Taifa Dar es Salaam. Kwa huku kwetu zipo pia misheni kongwe kama Ushirombo, iliyofunguliwa mwaka 1891, ambazo tangu zamani huandika vitabu vya ubatizo. Mwenye nia ana pa kuanzia.

Nasaba si dhambi

Swali la kwanza la kijana wetu ni jepesi. Kutafuta nasaba si kosa. Mtume (s.a.w.) alihimiza watu wajifunze nasaba zao ili waunge udugu. Na Qur’an katika Suratul Ahzab, aya ya 5, inaagiza watu waitwe kwa baba zao, na inaongeza kwamba wale ambao baba zao hawajulikani ni ndugu zetu katika dini. Hapana anayetupwa nje kwa kukosa jina la baba.

Hili lina uzito wa pekee katika kisa chetu. Mwaka 1906 serikali ya Kijerumani ilipiga marufuku ndoa kati ya Wazungu na Waafrika katika koloni hili. Matokeo yake ni kwamba mtoto aliyezaliwa na mwanamke wa Kiafrika na baba wa Kijerumani hakuwa na njia ya kuwa Mjerumani kisheria, hata baba angependa. Sheria ilimruhusu mwanamume kumpata mwanamke, ikamkataza kumwita mke. Kifiqhi, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa nasaba yake inasimama kwa mama, na hana kosa lolote katika namna alivyokuja duniani. Kwa hiyo anayemcheka kijana huyu kwa jina la Mdachi anaendeleza kazi ya gavana wa mwaka 1906: kumwambia mtu kwamba kuzaliwa kwake ni jambo la aibu.

Lakini upande wa pili wa Mdachi nao tuuangalie. Sote tunawajua watu wetu ambao weupe kidogo wa ngozi unawapandisha mabega, na wanaomtaja babu Mzungu kana kwamba ni cheti. Mtume (s.a.w.) aliihesabu tabia ya kujifaharisha kwa nasaba kuwa katika mabaki ya ujahiliya, na akaitaja pamoja na tabia ya kutukana nasaba za wengine. Anayejitapa kwa babu na anayemcheka mwenye babu wamekaa jamvi moja.

Dhambi hairithiwi

Swali la pili, lile la damu, nalo lina jibu lililo wazi. Mafundisho ya Qur’an katika hili hayana utata: kila nafsi inachuma kwa ajili yake, na hakuna nafsi itakayobebeshwa mzigo wa nyingine (Suratul An’am, aya ya 164). Nabii Ibrahim (a.s.) hakuhukumiwa kwa masanamu ya baba yake. Ikrima alikuwa mtoto wa Abu Jahli, na Uislamu wake ulipokelewa. Kama yule Mjerumani alichoma ghala la mtu au alimpiga risasi mtu asiye na hatia, ataulizwa yeye. Kilembwe wake anayetengeneza mitambo Bulyanhulu zaidi ya miaka 100 baadaye hataulizwa.

Wengi wetu tungeishia hapo tukafunga kitabu. Hata mimi nilitaka kuishia hapo. Kilichonizuia ni kwamba jibu hilo hilo hutumiwa na watu wasiotaka kabisa kusikia habari za yaliyopita. “Hayo waliyafanya wengine, sisi hatukuwepo.” Ni kweli hawakuwepo. Lakini je, dhambi ndiyo kitu pekee ambacho marehemu anaweza kukiacha?

Deni kwanza, mirathi baadaye

Kila aliyesoma elimu ya mirathi, hata darasa la mwanzo, anajua utaratibu. Mtu akifa, kabla warithi hawajagawana hata kijiko, husimamiwa mazishi yake, kisha hulipwa madeni yake, kisha hutekelezwa wasia wake. Aya za mirathi katika Suratun Nisaa zinarudia tena na tena kwamba mafungu ni baada ya wasia na deni. Mrithi harithi dhambi ya marehemu kukopa akakataa kulipa. Ila hana ruhusa ya kuichukua mali ilhali mdai amesimama mlangoni.

Na upo mpaka wa pili wa utaratibu huu, ambao ni rehema kwa mrithi. Deni hulipwa kutoka katika tirka, yaani mali aliyoiacha marehemu. Kama hakuacha kitu, mrithi halazimishwi kutoa mfukoni mwake.

Tupime sasa mambo kwa mizani hii. Kijana wetu alirithi nini kwa Mjerumani? Hakupata shamba, jina wala uraia. Amepata sarafu moja ambayo leo hainunui hata kitumbua. Kwa mizani ya mirathi hadaiwi chochote, na alale usingizi wake. Lakini ikiwa anataka kuichukua fahari, aseme watu wamheshimu kwa kuwa damu yake ina Uzungu, hapo amekwishafungua sanduku la marehemu na kuchukua tirka. Basi alipe na deni. Awaambie watoto wake habari za babu huyo zote, pamoja na wapagazi waliokufa njiani wakibeba mizigo ya jeshi lake na wanavijiji walionyang’anywa nafaka ili lile jeshi lile. Haiwezekani kurithi sare ukaikataa damu iliyoko juu yake.

Mizani hii hii inatufaa kwa wakubwa. Ujerumani ya leo mara nyingi huulizwa kama ina hatia. Mimi naona swali jepesi zaidi ni kuuliza kama ina tirka mkononi. Katika maghala ya Berlin yapo mafuvu zaidi ya 1,000 ya watu wa koloni hili, yaliyopelekwa huko kwa ajili ya kile kilichoitwa sayansi. Septemba 2023 taasisi inayoyahifadhi ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaunganisha baadhi yake na familia zilizo hai hapa Tanzania. Novemba 1, 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea, akakutana na wajukuu wa waliouawa, akaomba msamaha. Kuomba msamaha ni jambo zuri na si dogo. Lakini wanazuoni wetu walikwisha kutuwekea sharti la toba inayohusu haki ya mja: haki irejeshwe kwa mwenyewe. Aliyeshika fuvu la babu wa mtu kabatini hana haja ya mjadala mrefu kuhusu dhambi za mababu. Alichonacho kinaonekana, na mwenye nacho anajulikana.

Na sisi je?

Ndugu msomaji, hadi hapa ni rahisi kukubaliana nami, kwa kuwa tunamsema Mjerumani. Sasa tugeuke. Wazungu katika lile jeshi walikuwa wachache. Bunduki nyingi zilishikwa na mikono gani? Wale Wasudani 600 wa Wissmann, wengi wao walikuwa Waislamu, nao walikuwemo katika jeshi lililomwandama Abushiri, Mwislamu mwenzao. Baada yao waliingia Wamanyema, Wanyamwezi, Wasukuma na wengineo. Katika miji yetu zimo familia nyingi ambazo babu yao alikuwa askari wa Mjerumani, na kisomo chao cha kwanza cha Kiislamu kilianzia kambini. Katika mihadhara yetu tunapenda kumtaja Abushiri, na tunastahili kumtaja. Ila ni wangapi kati yetu tumewahi kuuliza babu yetu alisimama upande gani wa kitanzi?

Wao nao hawakutendewa haki. Inasimuliwa kwamba mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wazee malimbikizo yao, malipo yalifanyika Mwanza, hapa hapa kwetu. Wachache walikuwa bado na vyeti. Wengine kila mmoja akapewa fagio, akaamrishwa kwa Kijerumani kulishika kama bunduki, kulia, kushoto, begani, na hakuna aliyekosea. Watu hucheka wakisimuliwa kisa hiki. Mimi humwona mzee wa miaka sabini anayetakiwa kucheza gwaride na fagio ili apate haki yake iliyocheleweshwa nusu karne.

Yuko na Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa Kisudani. Vita ilipoanza aliingia jeshini pamoja na baba yake akiwa na miaka kumi. Mwaka 1929 alifika Berlin, akabisha hodi serikalini kudai mishahara yake na ya marehemu baba yake ambayo haikulipwa. Akajibiwa kwamba amechelewa. Alibaki huko, akajulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen, akaoa Mjerumani, akafundisha Kiswahili, akacheza filamu, hata akashiriki mikutano ya watu waliotaka makoloni yarudishwe. Mwaka 1941 alikamatwa chini ya utawala wa Hitler kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Alifia katika kambi ya Sachsenhausen Novemba 24, 1944. Huyu alikuwa mdai na mdaiwa kwa wakati mmoja. Alilitumikia jeshi lililowakandamiza watu wa nchi aliyozaliwa, na jeshi hilo hilo likamdhulumu ujira wa baba yake, na dola ile ikamalizia kwa kumuua. Ukimwita shujaa tu umemficha, na ukimwita kibaraka tu umemficha vile vile.

Wengi wa askari hawa hawakuacha mali, hivyo wajukuu zao hawadaiwi kwa sheria ya mirathi. Lakini ipo njia nyingine juu ya hiyo. Katika Sahih Bukhari imepokewa kwamba lililetwa jeneza la mtu aliyekufa na deni la dinari tatu, na hakuacha kitu. Mtume (s.a.w.) akawaambia masahaba wamswalie wao. Hapo Abu Qatada akasimama, akalichukua lile deni juu yake, na Mtume akamswalia. Abu Qatada hakukopa na hakurithi. Alilibeba kwa hiari ili ndugu yake asilale nalo. Deni la babu zetu askari ni deni la ukweli, na mjukuu anayekaa chini na kuandika, bila kupamba na bila kutukana, babu alikuwa wapi na alifanya nini, anafanya kazi ya namna hiyo ya Abu Qatada.

Nilichomjibu

Tulipokutana tena nilimwambia kijana haya kwa ufupi. Mtafute. Hutapata dhambi yake, na usitafute fahari yake. Andika utakachokikuta, kizuri na kibaya, na tarehe zake. Sarafu ihifadhi, ni ushahidi.

Kisha nikamuuliza jambo ambalo nilishangaa kwa nini sikumuuliza siku ya kwanza. “Yule mwanamke aliyebaki na mtoto mchanga Tabora wenzake walipokimbilia kusini, akamlea mpaka ukoo wenu ukapatikana, aliitwa nani?”

Alinyamaza. Jina la Mjerumani alikuwa nalo, japo limepinda kwa kupita midomo mingi. La mwanamke huyo hakuwa nalo kabisa, wala hakuwahi kuliuliza. Nami sina la kumcheka, kwa sababu katika maelezo yote aliyonipa siku ile niliandika daftarini habari za Mzungu tu.

“Bibi yupo hai?” nikamuuliza.

“Yupo, Ustadhi.”

“Basi anza kwake kabla hujaenda Berlin.”

Wiki mbili baadaye alikuja na jina, na jina la kijiji alichotoka mama yule. Ameliandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari lake, juu ya jina la Mjerumani. Nadhani ameliweka mahali pake.

Wallahu a’alam.